Simu imezima haiwaki na vitu vyote vimo ndani: tupeane uzoefu, watu wa Arusha na Moshi

Binti wa Kiborloni:
Wakuu habari za jioni. Simu yangu imezima tangu Jumatatu, nikiwa kwenye Hiace natoka Mbuyuni. Haikuanguka, haikuingia maji. Nilikuwa nasikiliza voisi, ikakata, kioo kikawa cheusi tii. Nimeilaza kwenye chaji usiku kucha, hata ile alama ya betri haijatokea.

Simu yenyewe sina uchungu nayo, imeshakula chumvi nyingi. Uchungu wangu ni bibi. Bibi yangu wa Kibosho alitutoka miezi michache iliyopita, na tangu 2022 alikuwa ananitumia voisi WhatsApp karibu kila Jumapili akitoka misa. Kuandika hakuweza, kwa hiyo alikuwa anabonyeza na kuongea: kahawa imeiva, ng'ombe kazaa, mbege ya jirani imechachuka kupita kiasi, na wewe mbona huji. Sijawahi kuzihamisha popote. Nilijua zipo tu, zitaenda wapi.

Nimempelekea fundi mmoja mjini, kaigeuza mara mbili kasema, "Dada, hii ni ya kuflashi, yaani kuipakia programu upya. Elfu ishirini, kesho njoo uchukue." Nikamuuliza, na vitu vyangu je? "Vitakuwepo." Lile jibu lilitoka haraka mno. Nikaichukua simu yangu nikaondoka.

Ambaye yamewahi kumkuta haya, naomba asimulie. Ulipata nini, ulikosa nini. Hata kama ulikosa vyote, sema tu, nijiandae.

Mzawa wa Sakina:
Pole sana kwa msiba, dada. Na umefanya la maana kuondoka na simu yako. Mimi sikuondoka.

Ilikuwa 2021. Simu ilikuwa inawaka inaishia kwenye nembo, inazima, inawaka tena, hivyo hivyo kutwa nzima. Nikampa fundi. Jioni napita kuichukua, jamaa kafurahi kweli, "Imepona hii, mzee!" Nikaishika. Inaniuliza nichague lugha. Hapo hapo magoti yakalegea, maana simu inayokuuliza lugha haikujui tena. Picha za kijana wangu kuanzia siku ya kwanza hospitali mpaka anasimama dede, zote zimekwenda. Na fundi hakunidanganya kwenye kazi yake: nilimwambia "nataka iwake", akaiwasha. Neno "picha" sikulitamka kabisa.

Mwongoza Watalii wa Lemosho:
Yangu iliishia vizuri, nawapa moyo mnaoogopa bure. Nilikuwa na wageni wawili, tumefika Stella Point, karibu na kilele cha Kilimanjaro, kunapambazuka, simu ina chaji asilimia 60 na kitu. Natoa nimpige picha mgeni, imezima. Tukafika Uhuru, mita 5,895, mimi sina simu. Kushuka kambi ya Barafu nikaichomeka kwenye pawabenki, kimya. Nikaona hapa nimeshaumia, mle ndani kulikuwa na picha zote za wageni wangu na namba za mawakala wa msimu mzima.

Mpagazi mmoja mtu mzima, amepanda mlima kabla sijazaliwa, akaniambia, "Mwanangu, acha kuitesa. Iweke kifuani, ndani ya fulana." Tulipofika Mweka ikawaka na chaji yake ile ile. Baridi tu. Betri za lithiamu zikipigwa na baridi kali zinashindwa kutoa umeme ingawa umo, na ukilazimisha chaji betri ikiwa imeganda unaiharibu kweli kweli.

Najua Moshi mjini hakuna mtu simu yake iliyoganda. Ila kabla ya fundi, umejaribu kuilazimisha kuwaka? Androidi nyingi shikilia kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti kwa pamoja, sekunde 10 mpaka 20, usiachie mapema. iPhone za sasa bonyeza sauti juu achia, sauti chini achia, halafu shikilia cha pembeni mpaka tufaha litokee. Na ubadilishe waya wa chaji. Waya unatia watu hasara zaidi kuliko mnavyofikiri.

Binti wa Kiborloni:
Nimejaribu kaka, na waya nimebadilisha mara tatu. Kimya.

Mama Wawili Njiro:
Mwenzangu, una uhakika imekufa? Yangu ilianguka pale soko la Kilombero ikakanyagwa na mkokoteni wa viazi. Kioo cheusi, hakuna kitu. Nikaitupia kabatini, nikalia, nikalala. Saa kumi na moja asubuhi alamu ikaita kutoka kabatini! Baba watoto alishtuka akadhani wezi.

Kumbe simu nzima, kilichokufa ni kioo. Fundi alichofanya ni kuchukua kioo cha mtumba cha aina ile ile, hakukibandika, akakiunganisha tu juu juu kama mgonjwa wa dripu. Nikachora patani yangu, tukahamishia picha kwenye laptopu, akachomoa kioo chake. Elfu kumi. Bila kioo nisingeweza, maana kompyuta inaisikia simu lakini haifunguliwi mpaka uondoe loki na uiruhusu.

Kwa hiyo ipigie kutoka simu nyingine. Ikiita, au ikitetemeka ukiichomeka chaji, usihangaike na bodi ya saketi ya ndani.

Mkulima wa Chekereni:
Mimi nalima mpunga. Simu ikaingia mfereji wa shambani, na mchele ninao, nani kama mimi? Nikaizika kwenye mchele wa nyumbani siku tatu, nikaichomeka chaji. Ikatoa harufu ya kuungua, ndiyo ikawa mwisho wake. Mchele tuliula.

Fundi wa Kijenge:
Hahaha mzee wa Chekereni, pole. Kilichoiua ni ile chaji. Maji ya mfereji yana chumvi na matope, yakikaa kwenye bodi umeme ukapita, shaba inalika kwa dakika, na mchele hauwezi kunyonya kutu. Simu ikiingia maji: zima, usichaji, usiitikise, ilete ifunguliwe ioshwe kwa spiriti ya kusafishia bodi siku hiyo hiyo.

Sasa mimi ndiye fundi, msinipige mawe. Miaka ipo ya kutosha kwenye hii kazi na hili la vitu vya ndani ndilo linaloleta ugomvi mwingi kuliko vioo na betri vikijumlishwa. Ngoja nilieleze taratibu.

Zamani simu ikifa tulikuwa tunaing'oa memori kwenye bodi, tunaiweka kwenye kifaa cha kusomea, picha zinatoka. Siku hizi ukifanya hivyo unatoa takataka tupu. Simu zote zilizotoka kiwandani na Android 10 au zaidi lazima vitu vyake vifungwe kwa msimbo, na iPhone walishaanza zamani. Ufunguo wa kufungulia umetengenezwa kwa vitu viwili: patani au namba yako ya siri, na siri iliyozikwa ndani ya prosesa ya simu ile ile. Memori bila prosesa yake ni kabati bila mwenye nyumba. Ndiyo maana kuflashi na kufuta kunamaliza kila kitu: ule ufunguo unatupwa, hata vitu vikibaki hakuna wa kuvisoma tena.

Kwa hiyo kazi ni moja tu, kuiamsha bodi ile ile. Siyo ipone. Iamke saa moja, unyakue chako, ikitaka kufa tena ife.

Mimi huwa naanza hivi. Natoa betri, naiunganisha bodi kwenye pawa saplai yangu, naangalia mshale. Bodi nzima ambayo hujabonyeza kitufe hailambi umeme, inakaa sifuri. Nikiona inakula ampia moja, mbili, kabla sijaiwasha, kuna shoti. Nafukiza moshi wa rosini, ule ulimbo wa kulehemia, juu ya bodi, inapata kama unga mweupe kila mahali. Nikitia umeme kidogo, palipo na shoti panapata moto na ule unga unayeyuka, kanaonekana kadoa kamoja keusi. Mara nyingi ni kapasita, kadogo kama punje ya mchanga. Nakang'oa kwa hewa moto, na mara nyingi sirudishi kingine. Simu inawaka. Nimeshaona mama analia mbele ya benchi langu kwa sababu ya punje ya mchanga.

Ikiwa tatizo ni aisii ya pawa, ile chipu inayogawa umeme, inabadilishwa, kazi ya siku moja au mbili. Bodi ikiwa imelika kabisa, kuna kuhamisha prosesa na memori kwenda bodi nyingine ya aina ile ile. Inawezekana, wachache wanaiweza, ni ghali na inaweza kufeli, mimi nikikuta hiyo nasema ukweli nakuelekeza kwa mwingine. Na memori yenyewe ikifa, hapo hakuna fundi, hakuna maombi.

Ukifika kwa fundi usiseme "nataka iwake". Sema "simu sina shida nayo, nataka vilivyomo, usiguse programu". Muulize kama ana pawa saplai na hadubini. Akikuambia kuna programu ya kompyuta inavuta picha kwenye simu iliyozima kabisa, mshukuru uondoke, hizo programu zinahitaji simu iwe imewaka.

Dereva wa Noah, Arusha–Moshi:
Mimi picha zangu zilikuwa kwenye memori kadi. Nikachomoa, nikaweka simu nyingine, zote zipo. Mdogo wangu yeye kadi aliiunganisha iwe sehemu ya memori ya ndani, simu ilipokufa na kadi ikafa nayo, kila simu inataka kuiformati. Hajaninunulia soda mpaka leo kwa kumcheka.

Mwalimu wa Usa River:
Shikamoo wakubwa, marahaba wadogo. Fundi kasema vizuri upande wa bodi, nami niongeze upande wa akaunti, maana wengi wanalilia kilichopo tayari.

Yangu ilipokufa nilienda kurenyu laini kwa alama ya kidole, nikaingia kwenye akaunti yangu ya Google kwa kompyuta ya shule. Namba zote za simu nikazikuta, mia nne na ushee, pamoja na za wazazi wa wanafunzi waliomaliza 2017 ambazo sikuzitaka. Picha nusu zipo, nusu hazipo: nafasi ya bure ya GB 15 ilikuwa imejaa nami nilikuwa napuuza yale maonyo kila siku.

Kwa WhatsApp, binti yangu, hapa nisikilize vizuri. Ukiifungua kwenye simu nyingine itakuuliza kama urejeshe bakapu, yaani nakala iliyohifadhiwa. Usiruke hapo. Ukiruka ukaanza upya, bakapu mpya itaifunika ile ya zamani kwenye Google, na hapo utakuwa umejifuta mwenyewe. Ikisema haijakuta bakapu, kwanza hakikisha umeweka akaunti ile ile ya Google uliyokuwa nayo. Watu wana jimeili tatu wanasahau ipi ilikuwa ipi. Na kama fundi yuko karibu kuiamsha simu ya zamani, mimi ningesubiri.

Jambo la mwisho. Voisi hukaa kama faili za kawaida ndani ya simu, kwenye folda ya Media ya WhatsApp, kuna folda ya Voice Notes imegawanywa kwa wiki. Majina yanaanza na PTT halafu tarehe. Simu ikiamka dakika kumi, nenda huko kwanza, usifungue WhatsApp yenyewe.

Binti wa Kiborloni:
Mwalimu, marahaba hiyo nimeipokea kwa heshima zote. Nimeangalia: bakapu ya Google ipo, lakini haina video, na ya mwisho ni ya zamani sana, kabla simu haijaanza kulalamika nafasi imejaa. Sijaigusa. Fundi wa Kijenge nakuja Jumamosi.

Binti wa Kiborloni:
Wakuu, mrejesho. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa sina la kusema, nilikuwa nasikiliza.

Nilitoka Moshi na basi la asubuhi. Fundi kaifungua mbele yangu, mshale ukaruka kabla hajabonyeza kitu, akacheka akasema, "Haya, tumeshampata mwizi." Moshi wa rosini niliuona kwa macho yangu, harufu yake kama ubani wa kanisani. Kadoa keusi kalitokea jirani na aisii ya chaji. Akakang'oa, akaniwekea kwenye kidole. Nikipumua kanapotea.

Ikawaka. Haikuwa na kamera, haikushika mtandao, na ilikuwa inachemka kama pasi. Aliwasha feni akaielekeza kwenye bodi, akanipa laptopu, akasema, "Dada, kimbia." Nilichora patani nikakosea mara mbili kwa kutetemeka. Mwalimu, nilienda kwenye Voice Notes moja kwa moja. Ikazima kwa joto baada ya kama nusu saa, tukasubiri ipoe, ikawaka tena. Mara ya tatu haikurudi. Voisi zote nimepata. Picha nimepata mpaka katikati ya 2023, zilizobaki zimekwenda na simu. Bakapu ile ya Google bado sijaigusa, nitaamua taratibu.

Stendi ya Arusha nikisubiri gari la kurudi nikafungua moja tu, ile PTT ya tarehe 12 Juni 2022. Bibi anauliza kama nimekula, anasema mvua ya juzi imelaza migomba miwili, halafu anasema, "Haya, nimemaliza. Sasa hii naizimaje?" Halafu kuku. Sekunde kumi na moja za kuku wanaparura uani, na yeye kwa mbali anamwita mjukuu mwingine aje amzimie.