Naandika wasifu wa baba yetu, mzee wa kanisa. Utasomwa Jumamosi: nini kiwemo, nini kiachwe?

Mmachame_Dar:
Wakuu, salaam. Tumefiwa na mzee wetu, na kikao cha familia kimeniangushia kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Mazishi ni Jumamosi, Machame. Mchungaji ametupa dakika kumi ndani ya ibada. Mzee alikuwa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) tangu utoto, mwanakwaya, mzee wa kanisa kwa vipindi kadhaa, mstaafu wa reli. Ameacha mjane, watoto saba (mmoja alizaliwa kabla ya ndoa), wajukuu na vitukuu.

Nina rasimu ya kurasa sita ambayo kila ndugu ameongeza sentensi yake. Mpangilio uweje? Na imani yake niielezeje bila kugeuza wasifu kuwa mahubiri? Wenye uzoefu naomba msaada.

Karani wa Usharika:
Poleni sana kwa msiba mkuu, Bwana awatie nguvu.

Kwanza urefu. Mtu akisoma kwa utulivu kwenye kipaza sauti hutoa kama maneno 100 kwa dakika, au pungufu akiwa na uchungu. Kwenye dakika kumi toa mbili za kufika mbele, salamu, na sauti kukatika. Umebaki na maneno 800. Kwa herufi za ukubwa wa 14 na nafasi ya mstari na nusu, ni kurasa tatu za A4. Hizo sita mchungaji atamkatisha msomaji katikati, na kitakachokatwa ni mwisho, yaani majina ya walioachwa. Hapo ndipo manung'uniko yanapoanzia.

Mpangilio uliozoeleka unatosha: kuzaliwa na wazazi, ubatizo na kipaimara, shule, kazi, ndoa na watoto, utumishi kanisani na kijijini, kuugua na kufariki, walioachwa, neno la Biblia. Ubatizo na kipaimara viweke mahali pake kwa tarehe, usivikusanye chini ya kichwa cha "maisha ya kiroho" kana kwamba mzee alikuwa na maisha mawili.

Kuhusu imani. "Marehemu alikuwa mcha Mungu, mpole, mkarimu na mpenda watu" imesomwa kwenye kila msiba niliowahi kuusikia, hata ambapo waombolezaji walitazamana. Futa sifa, weka tendo. Kaa na mama nusu saa umuulize: ibada ya nyumbani ilikuwa saa ngapi, na mgeni akiwepo ilikuwaje? Akiombwa kufungua kikao kwa sala alianza na maneno gani? Waulize wanakwaya aliimba sauti ipi na wimbo upi alikuwa akiuanzisha yeye. Waulize wazee wenzake kuhusu mnada wa sadaka baada ya ibada: wapo wazee ambao wakinunua mkungu wa ndizi wanaurudisha mezani uuzwe tena. Kama baba yako alikuwa wa hivyo, sentensi hiyo moja inafanya kazi ya sifa kumi, na usharika mzima utaitikia kwa kichwa maana walimwona.

Muulize pia mtu ambaye si wa kanisa lenu, jirani Mwislamu au mfanyakazi mwenzake wa reli. Hao hutoa kitu ambacho ndugu hawakijui, kwa mfano nani alilipiwa ada kimyakimya. Ila jina la aliyelipiwa usilitaje bila ruhusa yake.

Kama aliokoka katika Uamsho, lile vuguvugu la wokovu lililoenea makanisani Afrika Mashariki, walokole wenzake wanaijua tarehe mpaka siku ya wiki. Usikisie.

Mhakiki Nyaraka:
Pole ndugu. Naongezea kwenye tarehe, maana ndiko wasifu nyingi zinakoharibikia.

Kusanya haya leo: cheti cha ubatizo, cha kipaimara, cheti cha ndoa, kitambulisho cha taifa (NIDA), barua ya kuajiriwa na ya kustaafu. Mwaka wa kuzaliwa ukigongana kati ya NIDA na cheti cha ubatizo, nenda ofisi ya usharika waangalie kitabu cha ubatizo chenyewe. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, kwa hiyo sharika za huko zina kumbukumbu za muda mrefu. Kitambulisho kikionyesha tarehe 1 Januari au 1 Julai, kitilie shaka, mara nyingi ni tarehe iliyowekwa tu kwa sababu siku halisi haikujulikana. Mkishindwa kabisa, andika mwaka peke yake.

Halafu mwaka mmoja uende kila mahali: kwenye msalaba, kibati cha jeneza, kijitabu na wasifu. Fundi wa msalaba huwa anapigiwa simu na ndugu wa kwanza aliyepata namba yake, na kila ndugu ana mwaka wake. Teueni mtu mmoja wa kumtumia kwa maandishi.

Majina ya taasisi nayo yana umri. KKKT iliundwa Juni 1963 kwa muungano wa makanisa saba, kwa hiyo aliyebatizwa 1946 hakubatizwa "KKKT". Andika "alibatizwa katika Kanisa la Kilutheri, Machame", inatosha na ni kweli. Nchi ilikuwa Tanganyika hadi Muungano wa Aprili 1964.

Reli ndiyo mtego mkubwa. Kama aliajiriwa miaka ya sitini, mwajiri wake alikuwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 reli na bandari zikatenganishwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 ndipo likaja Shirika la Reli Tanzania (TRC). Mwaka 2007 ikawa kampuni, TRL, na TRC ya sasa imetokana na sheria ya 2017. Ukisoma "aliajiriwa TRC mwaka 1966" mbele ya wastaafu wenzake utasikia minong'ono kutoka viti vya nyuma. Taja na kituo na kazi yenyewe: Moshi, Tanga, Tabora; fundi wa karakana, mkuu wa stesheni, dereva. "Mtumishi wa reli" haimwambii mtu chochote.

Dada wa Vikao:
Poleni jamani. Mimi niseme kuhusu familia, maana hapo pasipoangaliwa msiba unazaa ugomvi.

Yule wa kabla ya ndoa: mweke kwenye orodha moja na wenzake kwa mfuatano wa kuzaliwa. Usiandike "wa nje" wala "wa kambo", wala usimweke mwisho baada ya "pia". Lakini kabla ya kuchapa, zungumza na mama, na yeye mwenyewe, kila mmoja peke yake. Baba mdogo au mkubwa wa ukoo awepo kwenye mazungumzo ya mama. Mjane asilijue jina hilo kwa mara ya kwanza kwenye kipaza sauti, na mtoto asijikute amefutwa mbele ya jeneza la baba yake. Wasifu si hati ya mirathi, ila usishangae mtu akija nao kwenye kikao cha ukoo siku ya kuteua msimamizi wa mirathi.

Hesabu zilingane. Ukisema "alijaliwa watoto saba" na mmoja alishatangulia, basi "ameacha watoto sita". Mtoto aliyetangulia mtaje kwa jina, mama anamsubiri alisikie. Wajukuu na vitukuu toa idadi tu, majina yao yaende kwenye kijitabu. Wakwe vilevile. Najua wengine watabisha hapa, lakini ukianza na wakwe lazima uwamalize, na dakika zako nane zimekwisha.

Ugonjwa: tarehe alipoanza kuugua, alikolazwa, tarehe na saa ya kufariki, basi. Jina la ugonjwa mpaka mjane akubali. Shutuma kwa daktari au kwa ndugu ambaye hakuchangia matibabu zisiingie hata kwa mafumbo. Kanisa zima litayafumbua.

Karani wa Usharika:
Dada, kwa wakwe nakupinga kidogo. Kwa huku kwetu mkwe aliyemuuguza mzee asipotajwa ni aibu. Sentensi moja ya shukrani kwa waliomuuguza, bila orodha, inamaliza.

Neno la Biblia nalo: 2 Timotheo 4:7 linasomwa kila wiki. Tafuteni mstari ambao mzee alikuwa akiunukuu mwenyewe, au fungueni Biblia yake muone alipopigia mstari kwa kalamu. Na nakilini kutoka Biblia yenyewe, msiandike kwa kichwa. Wakati huohuo mwulizeni mchungaji atahubiri neno gani ili msigongane naye.

Chapa na Picha:
Poleni. Kijitabu: chukua A4 ikunjwe katikati iwe A5. Kurasa lazima zigawanyike kwa nne. Karatasi mbili zinakupa kurasa 8, na zinatosha: jalada, ratiba, wasifu kurasa tatu, walioachwa, nyimbo, shukrani. Ukileta kurasa 9 utalipia 12, tatu zikiwa tupu.

Kuchapa pande mbili, mwambie fundi karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Ikigeuzwa kwa upande mrefu, nusu ya kurasa zitakuwa kichwa chini. Chapeni nakala moja, ikunjeni, isomeni yote, ndipo muagize zilizobaki. Leteni PDF, faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine mistari inahama na majina yanaruka ukurasa.

Picha ya jalada: iliyotumwa WhatsApp kama picha ya kawaida imeshabanwa, itatoka na ukungu. Itumeni kama dokumenti. Kujaza ukurasa wa A5 vizuri inatakiwa kama pikseli 1750 kwa 2480. Kama ni picha ya zamani ya ukutani, itoeni kwenye fremu, kioo kinaleta mng'ao. Ilazeni kivulini mchana, simu iwe juu yake sawasawa, bila flashi. Msimkate mzee kutoka picha ya harusi ya mtu, bega la jirani hubaki pale.

Nyimbo andikeni namba pamoja na mstari wa kwanza, maana watu wanakuja na vitabu vya chapa tofauti.

Waombolezaji 600, nakala 250 zinatosha, watu husoma wawili wawili. Kazi ifike Alhamisi mchana. Ijumaa jioni umeme ukikatika hakuna wa kumlaumu.

Mmachame_Dar:
Ahsanteni mno wakuu, nimeanza kufyeka. Mwaka wa kuzaliwa umegongana kweli, kesho naenda ofisi ya usharika. Swali la mwisho: mama anataka kaka mkubwa asome, na kaka tangu Jumatatu hajamaliza sentensi bila kulia. Tumwambieje?

Dada wa Vikao:
Mpeni kaka aya ya kwanza na ile ya watoto, kati yake asome mjukuu mkubwa au mpwa. Mama ataridhika kwamba mwanawe wa kwanza amesimama. Huyo msomaji wa pili asimame pembeni yake na nakala yake mkononi, kidole kwenye mstari, ili kaka akikwama aendelee palepale bila watu kungoja.

Karani wa Usharika:
Nakala ya kusomea ichapwe upande mmoja tu, herufi 16, kurasa zenye namba, na kila ukurasa uishie na aya iliyokamilika. Asisome kwenye simu, rambirambi zinaingia muda wote na skrini inazimika. Ijumaa usiku asome kwa sauti mara mbili mbele ya mama, saa ikiwa mezani. Majina ya wakwe wa kutoka makabila mengine ayaulize kwa wenyewe yanavyotamkwa.

Na salamu za kwaya, za wastaafu wa reli na za balozi wa nyumba kumi zina nafasi yake kwenye ratiba. Zikianza kupenyezwa ndani ya wasifu, kataa.