UKOO WA KIBOKONI 🌴 (gumzo la safari ya Lisbon)

*Jumatano*

Mwanaidi 19:04
Assalam aleykum familia. Mpango wa Lisbon nimeutuma tangu juzi naona tiki za buluu tu, alojibu hakuna. Likizo ya Oktoba iko mlangoni na bei ya ndege inapanda kila nikifungua simu. Naurudia tena halafu nataka kila nyumba iseme ndio ama la

Mwanaidi 19:09
Jumamosi tunafika. Metro iko hapo hapo eapoti, laini nyekundu, kituo cha tatu ni Oriente tunashuka. Apatimenti nilozipata ziko upande huo, Parque das Nações, pametulia, tambarare, kando ya mto, watoto wana pa kukimbia. Najua mtasema mbali na mji lakini mtu mwenye watoto hataki kulala Alfama ngazi juu ngazi chini na masanduku. Jumapili asubuhi Oceanário, ndilo jumba la samaki, na ile telecabine, vijumba vya kuning'inia kwenye waya, inayopita juu ya maji, zote za kwenda kwa miguu. Jumatatu Belém. Jumanne Sintra. Jumatano zoo. Alkhamisi tunarudi

Mwanaidi 19:10
Apatimenti ni mbili, wanatushikia mpaka IJUMAA USIKU. Kila nyumba pauni 120 za kuanzia. Ijumaa usiku jamani

Omari 19:31
👍🏽

Mwanaidi 19:31
Omari hiyo 👍🏽 ni ndio ama ni umeona?

Omari 19:40
Ni nimeona kuwa umeona kuwa nimeona 😂

Shemeji Abdul 19:41
😂😂😂

Mwanaidi 19:42
Chekeni. Salma?

Yusra 20:03
Auntie Jumatatu Belém haifai nimeangalia, ile monasteri ya Jerónimos inafungwa Jumatatu na ule mnara wa Belém pia

Mwanaidi 20:05
Ahsante mwanangu. Mnaona? Wazima wote humu na anayesoma ni mtoto wa miaka 14. Basi Sintra Jumatatu, Belém Jumanne

Omari 20:06
Mtoto wa nani huyo lakini 💪🏽

Shemeji Abdul 20:06
Wa mamake

Salma 21:48
Ndio naingia kutoka zamu miguu haina hali. Dada huko tambarare naunga mkono kabisa, kuna mwenzangu wa kazini alikwenda na mtoto mchanga akalala upande wa vilimani anasema kigari alikibeba mkononi siku zote, vile vijiwe vyeupe vya njiani vikinyesha mvua vinateleza na mtu ukiwa umeshika mtoto unaomba Mungu tu, sasa mimi nina wawili, kigari changu ni kile kipana, nauliza hii tramu 28 ya manjano ambayo kila mtu anapiga picha mapacha wataingia? Na foleni je, kwa mtoto wa mwaka na nusu kusimama saa nzima juani siwezi nasema ukweli

Mwanaidi 21:55
28 tusidanganyane. Ni vitramu vya zamani vidogo, watu wanabanana tangu Martim Moniz na wachopozi wanafanyia kazi humo. Kigari kipana hakina nafasi. Kwenda Belém tunapanda 15, hizo ndefu za kisasa mlango mpana, napo mkoba uwe mbele. Kama watoto wanaililia ile ya zamani basi wakubwa waamke saa moja asubuhi wakaipande mwisho wa laini kule Campo de Ourique, vituo vichache washuke Estrela, mnawakuta na mapacha bustanini, kuna bata na bembea, kila mtu amefurahi

Mwanaidi 21:58
Na foleni usiogope. Ureno kuna sheria tangu 2016, mwenye mtoto wa mkononi mpaka miaka 2, mjamzito, mzee, mlemavu, wanahudumiwa kwanza. Wengi hawaijui wanasimama nyuma bure. Wewe nenda mbele na mmoja begani uulize *prioridade*, hakuna atakayekununia

Salma 21:59
Alhamdulillah. Hiyo peke yake imenifanya nitake kwenda 😭

Salma 22:01
Na zile za kupanda mlima kwa reli mimi la, tangu ile ya Glória ilipoanguka Septemba 2025 wakafa watu 16 moyo wangu haujakubali

Mwanaidi 22:02
Hazimo na hazitaingia. Kwenda ngomeni São Jorge kuna basi 737 linatufikisha juu. Tausi wanatembea tu uwanjani humo, watoto watawafuata mpaka mchoke nyinyi. Na siku tukichoka tunashuka Cais do Sodré tunapanda feri mpaka Cacilhas, dakika kumi hivi, mji wote unauona kwa majini

Omari 22:04
Yaani nitoke kwangu nilipe ndege nikapande feri ya Likoni 😂😂😂

Shemeji Abdul 22:04
Muhimu upande wa pili kuna mahamri?

Omari 22:05
Na mbaazi

Shemeji Abdul 22:05
Na mtu anakutupia maneno ukichelewa kushuka

Mwanaidi 22:07
IJUMAA USIKU JAMANI

Salma 22:09
Mmenitia njaa. Kwani vile vikeki vyao vya mayai vina nguruwe?

Mwanaidi 22:14
Pastel de nata ni unga, maziwa, kiini cha yai na sukari. Ila ule unga wa nje kuna wanaotia siagi kuna wanaotia mafuta ya nguruwe, yanaitwa banha, kwa hivyo kila duka tunauliza *tem banha?* kabla mtoto hajatia mdomoni, akishaonja humtoi tena. Chakula hakina shida, samaki wa kuchoma kila pembe, na hapo Martim Moniz na Mouraria Wabangali wamejaa, mikahawa ya halali ni kuchagua tu

Shemeji Abdul 22:15
Biriani Lisbon. Nimekubali

Mwanaidi 22:15
Abdul hiyo ni ndio ya nyumba yenu? Niandike?

*Alkhamisi*

Ami Twalib 05:52
Wa aleykum salaam wanangu. Nimesoma yote. Mkifika Belém mtaingia Jerónimos na humo mtamkuta Vasco da Gama kaburini, mlangoni tu. Watoto wasipite hivi hivi wakaambiwa ni shujaa wa bahari basi. Waambiwe na upande wetu. Aprili 1498 alifika Mombasa hakupata alichotaka, akaenda Malindi akapewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. 1505 akaja Mreno mwengine, Almeida, akautia mji wetu moto. 1593 wakaanza kuijenga ile Ngome, Fort Jesus, ambayo nyinyi nyote mmecheza kivulini mwake. Waomani waliizingira tangu 1696, wakaichukua 1698. Na hiyo Lisbon yenyewe mpaka 1147 ilikuwa ya Waislamu na hiyo ngome ya tausi ndipo watawala walipokaa. Hayo mtoto wa miaka saba anayaelewa akielezwa taratibu na mtu asiyekuwa na haraka.

Ami Twalib 05:58
Kando ya mto kuna mnara wa mabaharia, Padrão dos Descobrimentos, wa 1960. Chini mbele yake kuna ramani ya dunia imechorwa kwa mawe. Waacheni wakimbie juu yake wakaitafute pwani yetu. Hapo halipwi kitu.

Yusra 07:20
Ami nimeiona kwenye picha mtu anatembea juu ya ramani yenyewe 😍 mimi nitawaongoza Bilal na wadogo nitawaeleza kama ulivyoandika

Salma 07:31
Allah akuweke Ami

Mwanaidi 07:40
Ahsante sana Ami. Nimenakili nitaiprinti

Yusra 07:44
Lakini zoo mimi siendi, sipendi kuona pomboo anarukishwa watu wapige makofi. Nendeni mimi nitabaki na kitabu

Omari 07:45
Utabaki na kitabu na nani

Yusra 07:45
Baba 🙄

Mwanaidi 08:02
Zoo ya pale ni ya tangu 1884 na wadogo watafurahi, lakini sawa tuzungumze, badala yake kuna Pavilhão do Conhecimento jirani na Oceanário, kila kitu humo mtoto anashika kwa mkono wake anavuta anabonyeza, hata mvua ikinyesha tuko ndani. Oktoba mvua haina miadi. Nani anataka zoo nani hataki? Na kila mtu atakuwa na kadi yake ya metro, hamshiriki kadi moja, wa chini ya miaka 4 wanapita bure. Sintra treni inatoka hapo hapo Oriente, mapacha kwa mbeleko kigari kibaki nyumbani, ile Regaleira ina kisima cha ngazi za kuzunguka, unashuka mpaka chini unatokea mapangoni, Bilal hatataka kutoka. Lakini tiketi za kasri la Pena huko huko Sintra zina saa zake lazima nikate mapema, kwa hivyo nahitaji idadi, IDADI

Fatu (Muscat) 11:16
Ndio naona haya yote leo. Mimi nataka kuja jamani nimeanza kutafuta miadi ya viza. Nyumba mbili analala nani na nani? Isije ikawa kama Antalya

Omari 11:18
Haya

Mwanaidi 11:25
Fatu Antalya nilishaieleza

Fatu (Muscat) 11:27
Hukueleza. Ulisema utaeleza

Mwanaidi 11:29
Nililipa mimi kwanza nikangoja watu miezi mitatu wanirudishie. Hilo halisemwi

Fatu (Muscat) 11:34
Mimi sisemi pesa. Unajua ninachosema. Nimesoma huu mpango mwanzo mpaka mwisho, samaki yupo, tausi yupo, wana wa Khamisi, Nasra na Idi, wako wapi? Idi ana vitabu vya papa chini ya kitanda, yeye ndiye asiyekwenda Oceanário?

Omari 11:36
*Ujumbe huu umefutwa*

Salma 11:50
Omari ulikuwa umeandika nini

Mwanaidi 11:52
Jamila mama yao alijitoa mwenyewe kwenye kikundi. Hakufukuzwa na mtu

Fatu (Muscat) 11:53
Alijitoa siku ile ile ya picha dada. Sote tulikuwepo

Shemeji Abdul 12:10
Kwani hiyo feri ya Cacilhas inapakia magari?

Salma 12:11
Abdul weka simu chini

Aisha (kwa Bibi) 13:05
Bibi nimemsomea yote. Kasema niandike kama alivyotamka nisiongeze: "Mwana, nimesikia samaki, nimesikia ngome. Sijasikia Nasra wala Idi. Wale ni wangu kama hawa wengine. Mkenda, muende nao. Msipokwenda nao, mie picha nisiletewe."

Mwanaidi 16:47
Nimesikia mama. Inshallah

Omari 16:49
Inshallah Mama

Salma 17:30
Inshallah

Mwanaidi 17:52
Basi tupange. Tulikuwa 10, mimi na wanangu 2, Salma wanne, Omari watatu. Wakiongezeka wawili sebule ya nyumba ya kwanza ina kochi linalofunguka, nimeuliza. Jamila akitaka kuja naye paspoti yake ni ya Kenya anahitaji viza, na miadi ya viza mnajua ilivyo, sijui kama Oktoba itamkuta. Watoto wana za Uingereza hawana shida. Akiwaachia waje nasi lazima barua ya ruhusa yenye saini yake na nakala ya paspoti yake, sitaki kusimamishwa eapoti na watoto wa watu

Fatu (Muscat) 17:58
Watoto wa watu?

Mwanaidi 17:59
Fatu usinipindishie maneno, nasema kisheria. Watoto wangu hao, Nasra nilimuogesha mimi arubaini yake yote

Mwanaidi 18:03
Nani atampigia Jamila? Mimi simu yangu haishiki

Mwanaidi 18:40
Nani?

Salma 20:15
Nitampigia mimi kesho nikitoka zamu. Lakini mambo ya pesa siyataji, mie nitasema Bibi amewataja watoto basi

Omari 20:18
Sehemu ya Idi na Nasra niandikieni mimi. Na 120 zangu nimetuma sasa hivi angalia benki

Mwanaidi 20:20
Zimefika. Allah akubariki

*Ijumaa*

Salma 16:22
Nimeongea na Jamila. Hakukataa hakukubali. Kasema atafikiri mpaka Jumapili. Idi kampokonya mamake simu, anauliza lile tangi ni kubwa kiasi gani na papa na taa wanakaa pamoja hawalani?

Yusra 16:25
Mwambie lile la katikati lita milioni 5!! Na wanakaa pamoja. Na kuna pengwini na fisi-maji pembeni yake

Mwanaidi 16:31
Jumapili? Apatimenti ni LEO usiku. Salma na Abdul hamjatuma. Nitawaandikia wenye nyumba niwaombe siku mbili, wakikataa tunapoteza hii ya kochi

Shemeji Abdul 18:44
Natuma nikitoka msikitini

Mwanaidi 21:10
Abdul?

Mwanaidi 22:36
Wenye nyumba wamenipa mpaka Jumamosi saa sita mchana, si zaidi. Zoo bado hamjanijibu. Pena nimekata 12 kwa niaba yenu nyote

Fatu (Muscat) 23:50
Samahani nilikuwa harusini. Kwani tunafika Jumamosi? Mimi kwenye fomu ya viza nimejaza Ijumaa