Miche imebanana kwenye beseni: viriba, madumu au ardhini moja kwa moja? (Dodoma)

kijana_Ilazo
Wakuu habari za jioni. Nina miche imeota kwenye beseni imebanana vibaya, nataka kuitenganisha wiki hii. Jamaa mmoja kanambia ninunue viriba, vile vifuko vya plastiki vya kupandia miche, mwingine anasema viriba ni kupoteza hela nikate madumu nitoboe chini, na mzee jirani yangu anasema niiache hukohuko mpaka mvua zianze ndo niipeleke plot. Ipi bora? Jumamosi naenda Majengo sokoni nataka nijue nanunua nini.

FundiMiche
Miche ya nini mkuu? Urefu gani? Imetoa majani ya kweli au bado yale mawili ya kwanza? Maji unayo? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli tu.

mama_Nzuguni
Na plot ina uzio mwanangu? Kama haina usihangaike, mbuzi wanamaliza yote.

kijana_Ilazo
Samahani wakuu. Ni mwarobaini, mbegu niliokota chini ya mti, imefika kama urefu wa kidole na ina majani machache yale ya meno meno. Alafu kuna kokwa za embe nilifukia kwenye ndoo, moja imetoa vichipukizi vitatu sijui nivitenganishe au niache. Maji ni ya mgao ila nna tenki. Uzio wa miiba, upande mmoja bado.

FundiMiche
Basi viriba, na usichelewe. Mwarobaini una mzizi mkuu unaokimbilia chini mapema, ukifika kwenye kitako cha beseni unaanza kupinda. Mwagilia beseni kwanza udongo ulegee, fanya jioni jua likishapoa, chokonoa na kijiti usivute. Shika jani, usishike shina: jani likikatika litaota lingine ila shina likibonyea huo mche umekwisha. Kwenye kiriba toboa shimo refu kuliko mzizi ili uning'inie wima, ukiingia ncha ikaangalia juu mti utadumaa. Mzizi ukizidi shimo punguza ncha na wembe, ni afadhali kuliko kuukunja. Udongo wa juu makoleo matatu, samadi iliyooza moja, mchanga moja. Weka kivuli cha nyasi alafu uwe unapunguza taratibu mpaka uzoee jua. Na usimwagilie kama bustani ya mchicha, ugonjwa wa kinyausi ukiingia unakuta miche imelala yote asubuhi.
Hiyo embe, kama kila chipukizi lina mizizi yake tenganisha sasa kabla hayajakomaa. Lisilo na mzizi kata.

Kibaigwa_mkulima
Viriba vya nini jamani na madumu yamejaa mtaani. Dumu la lita tano la mafuta likatwe shingo, litobolewe chini, mche unakaa mwaka mzima. Kiriba kidogo jua la Dodoma linakikausha kabla ya saa sita. Na kwani si vilipigwa marufuku?

FundiMiche
Marufuku ya Juni 2019 ni mifuko ya kubebea, plastiki za kilimo hazikuguswa. Viriba vipo.

dada_Mkonze
Mi mwaka mzima kwenye chombo kimoja siungi mkono kabisa. Nilinunua miche ya kivuli kwa muuzaji mmoja wa barabarani, mizuri mirefu majani yanang'aa, akaniapia kabisa kwamba ndo imekomaa vizuri. Nikachimba mashimo ya sentimita 60 kila upande, samadi, matandazo, maji ya kuoshea vyombo kila jioni, hakuna kitu sikukifanya. Ikasimama tu, haifi haikui. Kuna mmoja ukajitahidi ukanizidi urefu, siku upepo ule wa mwezi wa nane umevuma nakuta umelala chini mzima mzima. Nikaunyanyua kwa mkono mmoja! Kucheki chini mizizi imejizungusha kama kata ya kubebea maji, umbo la kiriba lilelile, hakuna hata mzizi mmoja uliotoka nje kutafuta maji. Iliuma sana. Sasa hivi sinunui mche mpaka niangalie matundu ya chini, nikiona mizizi minene imetoka nje nausamehe hata kama ni wa bure.

mama_Nzuguni
Pole mdogo wangu. Wanauza urefu hawauzi mizizi.

Mzee_wa_Mpwapwa
Huyo mzee jirani msimpuuze. Mwarobaini na mjohoro tulikuwa tunaacha tutani mpaka shina linenepe kuliko penseli, unang'oa, unakata juu unabakiza kama kiganja, mzizi unauacha mrefu, unapanda kama kisiki mvua za Disemba zikishashika. Hakuna kiriba, kapu moja linabeba shamba zima. Ila siyo beseni, na asijaribu kwa embe.

FundiMiche
Kweli shikamoo mzee, njia hiyo ipo. Shida ni ule ukame wa Februari na tenki moja.

Kisiki_Hai_Chamwino
Mbona mnateseka na miche? Mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit yanafundisha kisiki hai huku kwetu: kisiki cha asili unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, mengine unakata, unafunga kitambaa cha alama basi. Mizizi tayari iko chini, humwagilii hata kikombe.

kijana_Ilazo
Plot yangu ilipitishwa greda mkuu, hakuna kisiki hata kimoja.

Kibaigwa_mkulima
Tatizo la mkoa huu siyo miche ni mifugo. Kondoa mwaka 1979 mifugo ilitolewa eneo lote la mmomonyoko na miti ikarudi yenyewe.

dada_Mkonze
Na wenye ng'ombe walienda wapi? Kwa wenzao huko huko. Mimi nikiwa na mbuzi wawili wa kusomesha mtoto unanambia niwatoe?

Kibaigwa_mkulima
Sijasema utoe dada, nasema wafungwe.

mama_Nzuguni
Wafungwe wapate wapi majani mwezi wa kumi?

kijana_Ilazo
Wakuu turudi kidogo. Naelekea viriba kwa mwarobaini na madumu kwa embe, ila hiyo ya mzee ya visiki nayo imenikaa, labda nigawe nusu kwa nusu tutani. Je mchwa?

Mzee_wa_Mpwapwa
Samadi mbichi ndiyo inawaita. Weka iliyooza kabisa.

kijana_Ilazo
Iliyooza inapatikana wapi huku mjini? Kuna mtu anajua trip ya kirikuu kutoka Veyula ni shingapi sa hivi?