Ukoo wa Makorora 🌴: chakula cha Jumapili

ALHAMISI

Da Rehema 19:42
Assalam aleykum ukoo. Jumapili tunakula Makorora, watu 30. Safari hii biriani hapana. Wali wa Kichina, nyama ya tangawizi na zile sushi. Kila nyumba elfu 10. Thibitisheni leo leo.

Da Rehema 20:15
Naona tiki za bluu 14, jibu hakuna.

Salum 20:31
Sushi si samaki mbichi? Paka wa Bi Mkubwa nao wachange elfu 10 😹

Shemeji Asha 20:33
Sushi ya samaki mbichi tuiache. Samaki agandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri siku 7 ndipo minyoo ife, na friji zetu kwa umeme huu hazifiki huko. Halafu inataka mchele mfupi wa kunata. Basmati ukiuviringisha unamwagika kama mchanga.

Da Rehema 20:34
Haya, sushi imekufa. Asha fundi ni wewe, toa hesabu ya wali.

Shemeji Asha 20:41
Basmati kilo 3. Upikwe Jumamosi jioni, kikombe cha mchele kwa kikombe na robo cha maji. Ukishaiva uanikwe kwenye masinia upoe haraka, ndani ya saa moja uwe kwenye friji.

Mwanaidi 20:43
Si tunauacha tu mezani mpaka asubuhi?

Shemeji Asha 20:45
Usithubutu. Wali ukilala kwenye joto unaota bakteria wanaotoa sumu, na sumu ile haitoki hata uukaange upya. Tunataka kiporo cha friji. Punje zimekauka, zinaachana. Wali wa moto ukiutia kwenye karai unakuwa bokoboko.

Salum 20:46
Kumbe kiporo ni chakula cha wageni 😂 tulivyokuwa tunakinunia

Da Rehema 20:47
Salum umechangia?

Salum 20:59
😹

IJUMAA

Juma Muscat 08:12
Ndio naona. Nyama ya tangawizi usisahau mvinyo wa mchele, ule wa Shaoxing. Vijiko 2 kwa nusu kilo.

Mwanaidi 08:20
Na msitie ajinomoto, inaleta saratani.

Shemeji Asha 08:31
Hilo halina ushahidi. Kikunae Ikeda, profesa wa Tokyo, aliitoa kwenye mwani mwaka 1908. Sodiamu yake ni kama theluthi ya ile ya chumvi. Kilo ya nyama nusu kijiko cha chai, na chumvi uipunguze. Ukizidisha chakula chote kinakuwa na ladha ya supu ya pakiti, ndiyo hasara yake.

Shemeji Asha 08:40
Kikubwa ni moto. Watu wanamwaga wali wote kwenye sufuria moja, sufuria inapoa, mvuke unatoka, wali unachemka badala ya kukaangika. Kilo 3 za mchele zikiiva zinakaribia kilo 8. Tunakaanga mara 10, kila awamu gramu 800 hivi, mayai 3, mafuta vijiko 3 vya kulia, soya sosi vijiko 2. Mayai trei moja inatosha. Jiko la gesi la mezani halifai, moto wake ni wa chai. Mkaa, na mtu wa kupepea.

Shemeji Asha 08:44
Karai liwe la chuma. Lipate moto mpaka litoe moshi mwembamba ndipo mafuta. Mayai kwanza, yatoe. Kitunguu saumu, karoti, njegere zilizokwisha kuchemshwa. Wali. Soya uimwage pembeni mwa karai, si juu ya wali, iungue kidogo itoe harufu. Majani ya vitunguu mwisho. Chumvi onja kwanza, soya yenyewe ni chumvi.

Da Rehema 08:50
Karai la chuma tunalo. Lile la harusi ya Mwanahawa. Liko wapi?

Da Rehema 09:30
Nimeuliza.

Mjomba Hamisi 09:52
Ujumbe huu umefutwa

Mjomba Hamisi 09:55
Mimi nilirudisha. Aliyelichukua baadaye anajijua.

Da Rehema 09:56
Lilirudi lini mjomba? Na vile vifuniko viwili?

Mjomba Hamisi 09:58
Tukianza na vifuniko tutafika kwenye shamba la Pongwe.

Juma Muscat 09:59
Mjomba tafadhali. Si hapa.

Salum 10:01
Mimi nina kikaango cha chapati 🙋🏾‍♂️

Mwanaidi 11:20
Bi Mkubwa kasikilizishwa yote. Katuma sauti, nawaandikia alivyosema: "Karai ni la marehemu Fatuma. Si la Hamisi, si la Rehema. Kesho adhuhuri liwe kwangu, limeoshwa, na asiulizwe mtu. Na huo mvinyo mlioutaja usivuke kizingiti changu, hata kijiko."

Juma Muscat 12:07
Shikamoo Bi Mkubwa. Nimekosea, nisamehe.

Da Rehema 12:08
Tumesikia Bi Mkubwa.

Shemeji Asha 13:15
Mvinyo si lazima. Tutatia supu ya mifupa vijiko 3, siki nusu kijiko, sukari chembe. Tangawizi ndiyo inayokata shombo. Soya pia mwangalie: ile ya kuvundikwa hutoa alkoholi kidogo yenyewe, kwa hiyo chukueni yenye alama ya halali, za Malaysia na Indonesia zipo. Msilete ile tamu nzito, sukari yake inaungua karaini.

Shemeji Asha 13:19
Nyama ya ng'ombe kilo 4. Kata nyembamba kwa kukatiza nyuzi. Kila nusu kilo magadi ya kuokea nusu kijiko cha chai, dakika 15, kisha OSHA. Isipooshwa italeta ladha ya sabuni. Kausha, tia soya na unga wa mahindi mweupe laini, ule wa kastadi isiyo na rangi.

Mwanaidi 13:25
Konifulawa sema tu 😄

Da Rehema 13:40
Mchele mimi. Nyama Mwanaidi, Mgandini asubuhi. Mkaa na kupepea Salum. Mayai nani? Na nani anapita kwa mjomba?

Da Rehema 16:02
Mayai nani?

Salum 18:30
Paka hawali mayai

Da Rehema 18:31
Salum.

Juma Muscat 21:10
Nimetuma elfu 30. Imekwenda kwa jina la Fatuma, hiyo namba bado inatumika?

Da Rehema 21:14
Namba ya marehemu anayo mjomba.

JUMAMOSI

Shangazi Zubeda 06:08
Waaleykum salaam wanangu, simu ilikuwa haina chaji. Nyama ya biriani nilete kilo ngapi?

Mjomba Hamisi 06:11
👍🏾 Kilo 6

Da Rehema 06:12
Shangazi panda juu usome 🙏🏾