Nimepandisha orodha yenye namba za simu za wananchi kwenye tovuti ya ofisi, mmoja yamemkuta. Naombeni ushauri

Karani_wa_Zamu (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Niende moja kwa moja.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya umma, sitaitaja. Kitengo chetu kinapokea maombi ya ruzuku kwa njia ya mtandao. Mwananchi anajaza fomu, anapakia picha ya kitambulisho, anasubiri. Uchambuzi ukiisha, mimi ndiye ninayepandisha orodha ya waliofanikiwa. Awamu iliyopita niliagizwa niweke faili la PDF lenye majina matatu, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu na eneo analoishi mtu. Nikauliza simu ni za nini. Jibu: "Majina yanafanana, mtu atajitambuaje?" Nikapandisha.

Wiki iliyopita amepiga mama mmoja. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniumiza. Alihama na kubadilisha laini kumkimbia mume aliyekuwa anampiga. Laini mpya wanaijua dada yake, mwajiri wake na sisi. Mume kaikuta kwenye orodha yetu, na eneo analoishi limeandikwa pembeni. Aliniuliza swali moja tu: "Mliitaka ya nini?"

Faili nimeliondoa, lakini ukitafuta jina lake mtandaoni bado linatokea, na najua linazunguka kwenye makundi ya simu. Awamu nyingine inatoka baada ya wiki mbili na bosi anataka muundo uleule. Tena tuna ukurasa wa kuangalia hali ya ombi: unaandika namba ya kitambulisho, unaletewa kila kitu cha huyo mtu.

Nifanye nini na kilichokwisha kuvuja? Na bosi nimwingieje?

Mpita_Njia

Uliagizwa, ukatekeleza. Kosa si lako. Usijitie kimbelembele ukakosa kazi kwa mambo ya ofisi.

Fundi_Seva

Mpita_Njia, aliyepigiwa simu ni yeye, si bosi.

Mleta uzi, kabla ya mitambo anza na yule mama. Mpigie kwa simu ya ofisi, mwambie hasa nini kilionekana na tangu tarehe gani mpaka tarehe gani. Kama anapaswa kuhama tena ataamua yeye, lakini aamue akijua. Hilo halisubiri kikao.

Sasa faili. Kulifuta kwenye tovuti ni nusu ya kazi, maana injini za kutafuta hubaki na nakala. Google na Bing zote zina utaratibu wa mwenye tovuti kuomba matokeo ya ukurasa uliofutwa yaondolewe. Omba leo. Yaliyo kwenye makundi ya simu huwezi kuyarudisha, ndiyo maana nimesema umjulishe.

Kisha tazama anwani ya lile faili. Kama linaishia "awamu3", kuna mtu ameshajaribu "awamu2" na "awamu1". Tazama pia folda ambamo picha za vitambulisho zinahifadhiwa. Nimekuta mifumo ambayo mlango wa mbele una nywila na folda ya viambatisho iko wazi kwa yeyote anayeijua anwani.

Ukurasa wa hali ya ombi ufunge hata kesho. Namba ya kitambulisho si siri, watu wameacha fotokopi zake kila walikopita. Na mahali ambapo namba hiyo imejengwa kwa tarehe ya kuzaliwa au inafuatana, kijana mwenye programu fupi anazijaribu moja moja usiku kucha na asubuhi ana rejista yenu nzima. Hakuna aliyedukuliwa hapo, mfumo ulijibu ulivyoulizwa.

Mpeni kila mwombaji namba ya ombi ndefu isiyokisika, isiyofuatana na ya mwenzake. Akitaka kuangalia, aandike hiyo, kisha atumiwe kwenye simu namba ya siri ya kutumika mara moja. Jibu liwe neno moja: limepokelewa, limekubaliwa, limekataliwa. Akikosea mara tano asubiri. Na kwa namba isiyokuwepo, ukurasa useme maneno yaleyale ya namba iliyokosewa. Ukisema "mtu huyu hajaomba" umeshatoa siri ya mtu.

Karani_wa_Zamu

Asante mkuu. Mama nimempigia, nitaeleza baadaye. Swali: nikiweka nyota kwenye tarakimu kadhaa za kitambulisho, au mfumo ukiivuruga namba isomeke vingine, bosi anaweza kukubali. Inatosha?

Fundi_Seva

Nyota zina shida moja ya kuchekesha. Ofisi yenu inaficha tarakimu nne za mwanzo, ofisi jirani inaficha nne za mwisho. Mwenye orodha zote mbili ana namba kamili.

Kuvuruga nako kuna hadithi yake. Mwaka 2014 jiji la New York lilitoa takwimu za safari milioni 173 za teksi. Namba za magari na za leseni za madereva zilikuwa zimepitishwa kwenye hesabu ya njia moja iitwayo MD5, ambayo kinadharia hairudishwi nyuma. Ila namba zenyewe zilikuwa fupi. Mtu alitengeneza zote zinazowezekana, akazipitisha kwenye hesabu ileile, akalinganisha. Kazi ya saa chache tu. Namba ya kitambulisho nayo ni hivyohivyo, ina tarakimu tu na urefu unaojulikana.

Usiamini pia kwamba ukiondoa jina umemaliza. Latanya Sweeney, kwa takwimu za sensa ya Marekani ya mwaka 1990, alikadiria kuwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta vinatosha kumtenga mtu mmoja kwa asilimia 87 ya watu wa nchi ile. Orodha yako ina tarehe ya kuzaliwa na eneo, na jinsia jina linaitaja lenyewe.

Dawa ni kutoiweka namba kabisa.

Jicho_la_Umma

Hapa nitawaudhi. Mimi ndiye ninayezipakua hizo orodha. Awamu moja nilikuta majina manne ya ukoo mmoja wa ofisa, na yote hayakustahili. Bila orodha ya wazi, ruzuku italiwa na ndugu wa wakubwa, nasi tutaambiwa "faragha". Neno hilo maofisa wameanza kulipenda ghafla mno. Kila ukiomba hesabu unajibiwa ni taarifa binafsi.

Wakili_Mkimya

Jicho_la_Umma, hoja yako ni nzito kuliko zote kwenye uzi huu, na mleta uzi akienda kwa bosi bila jibu lake atarudi mikono mitupu.

Jiulize tu, ule ukoo uliugundua kwa nini? Kwa majina. Simu na tarehe za kuzaliwa hazikukusaidia chochote. Basi pale sheria ya nchi inapotaka walionufaika watangazwe, yatoke majina na kiasi, pamoja na vigezo na idadi ya walioomba na waliokataliwa kila eneo. Na mtu mwenye sababu ya usalama awe na njia ya kuomba jina lake lisitangazwe. Orodha kamili asome mkaguzi.

Hata mkaguzi hapewi kila kitu. Mwaka 2007 mamlaka ya kodi ya Uingereza ilituma kwa wakaguzi wa hesabu za serikali diski mbili zenye taarifa za watu milioni 25 wa familia zinazolipwa posho ya watoto. Zikapotea njiani. Wakaguzi walikuwa wameomba taarifa zilizopunguzwa, bila mambo ya benki. Waliambiwa kuzipunguza ni kazi ya ziada yenye gharama, wakatumiwa zote. Mleta uzi, nakili hiyo kwenye dokezo lako.

Norway hutangaza mapato ya kila mlipa kodi, hivyo uwazi wao si wa kubahatisha. Lakini tangu 2014 ukimtafuta jirani yako kwenye orodha ile, jirani anaona kuwa umemtafuta. Utafutaji ulishuka mno.

Upande wa sheria. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ya taarifa binafsi tangu 2022, na zote zinazibana ofisi za umma pia. Msingi wake ni swali la yule mama: mliitaka ya nini? Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya iliona serikali ilianza kutoa kadi za Huduma, yaani vitambulisho vipya vya kidijitali, kabla ya kufanya tathmini ya athari kwa faragha, ikaamuru tathmini ifanyike kwanza. Kuna pia muda wa kuripoti uvujaji. Kwa Kenya, na kwa nchi za Umoja wa Ulaya, ni saa 72 tangu ofisi ijue, kumjulisha msimamizi wa ulinzi wa data. Angalia kwenu ni saa ngapi, kwa sababu tangu simu ya yule mama saa inahesabu. Andika dokezo lenye tarehe, bakiza nakala. Usimshitaki bosi ndani yake, eleza kilichotokea na unachopendekeza.

Binti_Mkubwa

Mimi si mtaalamu. Mama yangu alipigiwa simu na mtu "wa ofisini". Alimtajia majina yake matatu, mwaka aliozaliwa na kiasi alichopewa. Akamwambia atume ada ya kufungua malipo. Mama ni mtu mwangalifu, haamini hata matangazo ya redio, lakini huyu alijua kila kitu chake, angemshuku vipi? Alituma. Mpaka leo anaona aibu kulisema.

Karani, kama mna daftari la malalamiko lifungue uone wangapi walipigiwa baada ya orodha kutoka. Bosi wako hajali faragha, lakini nadhani anajali kelele.

Mzee_wa_Masijala

Wanangu, nimestaafu baada ya kutunza mafaili miaka mingi. Hizo orodha hazikuanza na mtandao. Tulikuwa tunabandika kwenye ubao nje ya ofisi. Karatasi ilinyeshewa, ikachanika, mwisho wa mwezi imekwisha. Aliyetaka kuisoma alikuja kwa miguu na watu wakamwona anasoma. Mmechukua karatasi ileile mkaiweka mahali ambapo hainyeshewi na hakuna anayemwona msomaji, halafu mnasema utaratibu ni uleule.

Jambo la pili. Faili likitoka masijala, liliandikwa kwenye daftari: nani kalichukua, lini, kalirudisha lini. Kwenye kompyuta zenu nani anaandika? Mtumishi akimfungua mchumba wake wa zamani kwenye mfumo, nani atajua? Nasikia Estonia mwananchi anaingia mwenyewe kwenye tovuti ya serikali akaona ofisi ipi ilizifungua taarifa zake. Hilo ndilo daftari langu, ila wamempa mwenye faili alishike yeye.

Karani_wa_Zamu

Shikamoo mzee. Kwetu wanane tunatumia nywila moja. Naona aibu kuandika.

Mzee_wa_Masijala

Marahaba. Aibu hiyo iandike kwenye dokezo.

Mwana_Excel

Nyongeza moja, imewahi kuniumbua mimi. Ukisafisha orodha, usifiche safu, ifute. Agosti 2023 polisi wa Ireland Kaskazini walijibu ombi la takwimu kwa kutoa jedwali ambalo lilikuwa na ukurasa uliofichwa ndani, wenye majina ya ukoo na herufi za mwanzo za majina ya watumishi wapatao 10,000. Kwa polisi wa kule, hilo ni suala la uhai. Kwenye PDF nako, kuchora kisanduku cheusi juu ya maandishi ni kuyatandikia shuka tu, mtu anayanakili kutoka chini yake. Tengeneza faili jipya lenye safu unazotaka peke yake.

Mpita_Njia

Narudi kusema nilikosea pale juu. Na sisi tunaojaza tufanyeje?

Fundi_Seva

Machache. Sehemu isiyo ya lazima iache wazi. Ukitumia kompyuta ya kuazima, toka kwenye akaunti na ufute ulichopakua. Picha ya kitambulisho itume kwenye mfumo, usimtumie ofisa kwenye simu yake hata akisema ni haraka. Na andika barua kuuliza wanashikilia nini chako, kwingi una haki hiyo kisheria. Lakini sitawadanganya, fomu ikishalazimisha, mwananchi hana ujanja. Kazi iko kwa watu kama Karani.

Karani_wa_Zamu

Mrejesho, wakuu.

Nilifungua daftari la malalamiko kama dada alivyosema. Ukurasa mmoja na nusu, wote ni watu waliopigiwa na matapeli, wote ndani ya siku kumi tangu orodha itoke. Sikutamka "faragha" hata mara moja. Nilimwekea bosi zile kurasa, dokezo, na sampuli ya orodha mpya: namba ya ombi, jina, kiasi. Akauliza wenye majina yanayofanana watajitambuaje. Nikamwonyesha namba ya ombi. Akakaa kimya kidogo, akasema "weka hiyo". Msimamizi wa data ameandikiwa, tulichelewa siku mbili na tumesema tumechelewa.

Ukurasa wa hali ya ombi umefungwa mpaka mkandarasi aujenge upya, kwa sasa watu wanapiga simu na tumezidiwa. Nywila kila mtu atapata yake mwezi ujao. Nilichoshindwa ni fomu. Bado inauliza hali ya ndoa na jina la mama mzazi. "Itatusaidia baadaye," ndivyo nilivyojibiwa, na baadaye yenyewe hakuna aliyeijua.

Yule mama amebadilisha laini tena. Nimemwandikia barua ya ofisi yenye mhuri kumwomba radhi, ameipokea, hajajibu.

Fundi_Seva

Umefanya kazi. Ile folda ya viambatisho uliiangalia?

Karani_wa_Zamu

Nimejaribu sasa hivi kwa simu yangu, bila kuingia kwenye mfumo. Inafunguka. Vitambulisho vya awamu ya kwanza vyote vimo. Ngoja nimtafute wa seva, nitarudi.