Naomba ushauri: mkuu wa shule anataka daftari langu la unasihi

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha, sekondari moja hapa Moshi. Binti wa kidato cha pili kaniambia baba yake wa kambo anampiga kwa waya. Alama za mikononi nimeziona. Tangu mwanzo nilimwambia siri nitatunza, isipokuwa usalama wake ukiwa hatarini.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inanitaka nitoe taarifa serikali za mitaa, na ustawi wa jamii naenda leo. Hilo halina mjadala. Tatizo ni mkuu: anataka daftari lote, eti "tuyamalize na mzazi kwanza". Mzazi mwenyewe yumo kwenye bodi! Na humo daftarini kuna mambo ya wanafunzi wengine.

Nimkatalieje bila kuonekana mkaidi? Nimwandikie muhtasari tu? Binti ni wa bweni, ila Ijumaa tunafunga shule.