Tupeane uzoefu: Fainali ya Kombe la Shirikisho ilipokuja mkoani kwenu

Jirani wa Kirumba

Wakuu, salama? Bingwa wa Ligi Kuu mara nyingi anajulikana mechi kadhaa kabla ya msimu kuisha, na sherehe kwa kawaida zinaishia Dar. Kombe la Shirikisho, hili la hapa Tanzania, tabia yake nyingine: fainali inatembea. Liliporudishwa msimu wa 2015/16 walianzia Dar, Yanga akampiga Azam 3-1. Baada ya hapo likafunga safari: Dodoma 2017, Arusha 2018, Lindi 2019, Sumbawanga 2020, Kigoma 2021, Arusha tena 2022, Tanga 2023, kisha likavuka maji kwenda Zanzibar.

Nataka waliokuwepo waseme. Matokeo tunayo, msituletee matokeo matupu. Semeni mlifikaje, mlilala wapi, mji ulikuwaje siku ile.

Naanza mimi na Dodoma 2017. Mimi ni Mbao FC, chekeni mmalize. Ndiyo kwanza tumepanda Ligi Kuu, na nusu fainali tumemtoa Yanga pale Kirumba 1-0, beki wao kajifunga. Bingwa wa kombe hili anapata nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika, basi Mwanza nzima ikajua sasa tunaenda Afrika. Tukaenda uwanja wa Jamhuri na basi la kukodi, kiti cha watu wawili tumekaa watatu, nyimbo mpaka Singida, baada ya hapo kila mtu sauti imekauka. Dakika tisini bila bila. Nyongeza Blagnon akawafungia Simba, Ndaki akarudisha, na mimi nikaanza kupiga hesabu za matuta, yaani penalti za kuamua mshindi. Mpira unaelekea kuisha, penalti. Kichuya hakukosa. Simba walikuwa na miaka hawajacheza Afrika, ile penalti ndiyo iliyowarudisha. Kama ilikuwa halali au la, njoo Mwanza uulize, ila tenga muda wa kutosha.

Mmwera wa Mtanda

Lindi 2019, Azam na Lipuli ya Iringa, uwanja wa Ilulu. Watu wengi wanasahau kwamba ilikuwa tarehe 1 Juni, mwezi wa Ramadhani, tena kumi la mwisho. Uwanja mzima midomo imekauka. Muuza maji kazunguka na ndoo yake mpaka kachoka, akakaa chini akaangalia mpira na yeye.

Wanapaluhengo, yaani Lipuli, walikuja kwa kujiamini kwa sababu walikuwa wameshampiga Yanga 2-0 kule kwao Samora. Lakini Chirwa akafunga moja, mechi ikaishia hapo. Wageni wa Iringa niliokaa nao sikuwaacha waende hivihivi, tukafuturu pamoja nyumbani, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi na tambi. Mmoja wao hakuwa amefunga lakini alikula kuliko sisi tuliofunga.

Mama Migebuka

Mimi fainali ya Kigoma 2021 sikuingia uwanjani hata dakika moja na naijua kuliko walioingia.

Ilikuwa Simba na Yanga, uwanja wa Lake Tanganyika, tarehe 25 Julai, Idi ya kuchinja imepita siku chache tu. Mji ulianza kujaa mapema. Gesti zikaisha, watu wakaanza kugonga milango ya nyumba. Sebuleni kwangu walilala vijana wa Simba kutoka Tabora, na chumba cha nyuma wakalala Yanga wa Kasulu. Niliwaambia mapema: humu ndani hakuna timu, anayetaka kuimba akaimbie barabarani. Usiku nawasikia wanabishana kwa kunong'ona.

Siku ya mechi niliweka meza karibu na uwanja. Wali, maharage, samaki wetu wa ziwani migebuka, ya kukaanga na ya kuchemsha kwa mawese. Watu wa Dar hao! Anakuja kijana kavaa jezi mpya, anauliza chipsi mayai. Namwambia baba, umesafiri zaidi ya siku nzima, unataka kula ulichokiacha kwenu? Akaonja mgebuka, akarudi na wenzake. Kikwazo kilikuwa mawese tu, mmoja ananiuliza kama mchuzi umetiwa rangi.

Mpira ulipoanza wateja wote wakakimbia, nikabaki na masufuria. Nikawa nasikiliza kelele. Kelele ya Simba na ya Yanga si moja, ukikaa upande mmoja unazitofautisha. Kipindi cha kwanza ikapita kelele ndefu, upande mmoja unashangilia na mwingine unazomea, nikajua hilo si bao. Kumbe Mukoko wa Yanga kapewa nyekundu. Kisha kimya kirefu mpaka zikabaki dakika kama kumi hivi. Hapo ilipolipuka, hata mfuniko niliuangusha. Kona, Taddeo Lwanga wa Simba, kichwa. 1-0.

Wageni wangu wa Kasulu waliondoka jioni ileile bila kuchukua mabegi. Waliyafuata kesho yake, tena wakamtuma mtu. Wa Tabora wakaninunulia dagaa wengi wa kubeba, wanasisitiza niwafunge vizuri basi lisinuke. Basi lilinuka tu.

Msimbazi Damu

Mama umenirudisha mbali, Mungu akubariki. Utopolo (Yanga hao) walivuka nchi nzima kuja kupigwa na kiungo mkabaji.

Mwananchi Halisi

@Msimbazi Damu Makolo, nyie Simba, mna usahaulifu. Tarehe 3 ya mwezi uleule mlipigwa na Zawadi Mauya kwenye ligi, naye kiungo. Hiyo mbona huihadithii?

Jirani wa Kirumba

Utani ruksa, lakini uzi wa stori jamani. Nani alikuwa Arusha 2022?

Mgosi wa Chumbageni

Nilikuwa nasubiri kuitwa.

Nyie wa timu kubwa kombe kwenu ni kombe lingine. Sisi Coastal Union ya Tanga ubingwa wa ligi tumechukua 1988, na mimi nimekua nausikia ubingwa huo kwa baba kila anapokunywa kahawa. Kwa hiyo tulipomtoa Azam nusu fainali kwa matuta, palepale Arusha, nyumba yetu hakuna aliyeuliza kama tunaenda fainali. Suala lilikuwa nani anabaki na mbuzi.

Tuliondoka Tanga usiku. Wagosi wa Kaya tumevaa fulana, mtu wa pwani unamwambia Julai Arusha kuna baridi anaitikia tu. Asubuhi tunashuka, ukungu, mikono iko kwapani. Kuna mama anauza mitumba karibu na stendi, siku ile aliuza masweta ambayo hata mchinjaji wa Lushoto asingevaa. Mzee wangu alivaa la kike, lina maua kifuani, akasema maua ni ya Coastal.

Yanga wa kocha Nabi walikuja wamemaliza ligi bila kufungwa. Hakuna aliyetupa nafasi. Abdul Suleiman wetu, Sopu, akafunga la kwanza. Fei Toto akarudisha. Makambo akaongeza, 2-1, na jirani zetu wa kijani wakaanza kutuaga kwa majina. Tumeanza kukunja bendera, Sopu tena! 2-2, tunaenda nyongeza.

Nyongeza Sopu akafunga la tatu. Baba alivua kiatu, akaanza kukipiga kwenye ukingo wa jukwaa, pa, pa, pa, hasemi neno. Kiatu cha ngozi cha sikukuu. Soli ikaachia upande wa mbele, hakuona. Mimi nilikuwa natazama saa kuliko mpira. Ndipo Denis Nkane akasawazisha, 3-3. Baba akavaa kiatu chake hivyohivyo, kinafungua mdomo.

Matuta sisimulii. 4-1, mnayo kwenye rekodi zenu.

Kinachoniuma mpaka leo: mtu kafunga matatu kwenye fainali, mbele ya timu ambayo ligi nzima haikuifunga, na karudi bila kombe. Haikupita muda Azam wakamchukua. Na kocha wetu, Juma Mgunda, Septemba ileile tukamwona benchi la Simba. Ndiyo malipo ya timu ndogo ikifanya vizuri, inanyonyolewa.

Tukasimama Mombo kurudi. Basi la Yanga lilikuwa limetangulia. Mzee mmoja wa kijani akamwona baba na sweta lake la maua na kiatu kile, akamwagizia supu na chapati bila kuuliza. Wakakaa meza moja wakabishana kuhusu 1988 mpaka dereva akapiga honi mara ya tatu.

Mwananchi Halisi

Mgosi, mimi ni Yanga na siku ile nilitamani kile kiatu.

Boda wa Sumbawanga

Yetu fupi. 2020, Simba na Namungo, uwanja wa Nelson Mandela. Sumbawanga Namungo haikuwa na shabiki hata wa dawa, lakini nusu fainali Simba alikuwa amempiga Yanga 4-1. Basi Yanga wote wa Rukwa wakaamka Wauaji wa Kusini, yaani Namungo. Nimebeba abiria kavaa jezi ya njano, anaimba Ruangwa, kwao Namungo, ukimuuliza Ruangwa iko mkoa gani hajui. Miquissone na Bocco wakafunga, Manyama akapata moja, 2-1. Lakini Namungo walikwenda Afrika hata hivyo kwa sababu Simba alikuwa na nafasi yake ya Afrika kama bingwa wa ligi, na wakafika makundi. Yule abiria sijui kama aliendelea nao mpaka huko.

Mtu wa Kikwajuni

Uwanja wa Amaan, Zanzibar, 2024, Yanga na Azam. Mie nimekwenda kuona mabao, dakika mia na ishirini sikuona hata moja. Matuta ndiyo yakaanza, nayo watu wanakosa, wanakosa, mpaka 6-5. Ila uwanja ulipendeza mno na hewa ya bahari hawana huko kwenu.

Mama Migebuka

@Mtu wa Kikwajuni Hewa ya ziwa tunayo, na mabao pia tunayo. Timu yetu Mashujaa mwaka huohuo ilimtoa Simba kwa matuta hapahapa Kigoma.

Msimbazi Damu

Mama ulianza vizuri.

Jirani wa Kirumba

Hahaha. Wa Babati mpo? Nusu fainali ya 2025, Singida Black Stars alimpiga Simba 3-1 pale Tanzanite Kwaraa. Aliyekuwepo aje, na wa Mkwakwani Tanga 2023 pia, Musonda wa Yanga aliwafunga Azam mkiwa wapi?